Bastola ya Risasi 17

Ndugu msomaji, mimi ni mchuuzi wa samaki pale Feri, na katika maisha yangu yote sijapata kumiliki silaha kubwa kuliko kisu cha kupasulia nguru. Hata hivyo ulikuwako wakati, mwaka 2016, ambapo niliitaka bastola kwa moyo wangu wote, kama kijana atakavyo mchumba. Naisimulia habari hiyo katika ukurasa huu wa familia kwa sababu najua wako wenzangu, wenye maduka Kariakoo na wenye vizimba sokoni, wanaolitafakari jambo hilohilo usiku, wamelala chali, macho juu ya dari, wala hawamwambii mtu.

Chanzo kilikuwa fedha. Tulikuwa watu watatu tukinunua samaki kwa shirika, na kazi yangu mimi ilikuwa kushika kibunda. Alfajiri, wakati madalali wanapoanza kunadi na wavuvi wanashusha makapu ya vibua na changu, nilikuwa tayari nimesimama na fedha mfukoni. Na jua likishapanda nilikuwa nikirudi Kariakoo na mauzo, kwa miguu au kwa bodaboda, kupeleka kwa mwenzetu mkubwa mwenye duka Mtaa wa Narung'ombe. Utasema, mbona simu za kutumia fedha zilikuwapo? Zilikuwapo, tangu mwaka 2008. Lakini nahodha aliyekesha baharini, mikono imechanika kwa nyavu, na mabaharia wake wamesimama nyuma yake wakingoja mgawo, huyo hataki kusikia habari ya mtandao. Anataka noti, azihesabu kwa vidole vyenye magamba.

Mwanzoni mwa mwaka 2015 mji wetu ulikuwa umeshikwa na hofu ya wale vijana walioitwa Panya Road, hata watu wakafunga maduka jua lingali juu. Hofu ile ilipita. Lakini mwaka uliofuata, yapata saa mbili asubuhi, mwenzangu wa shirika alifuatwa na watu wawili wa pikipiki. Walimwambia aachie mkoba. Alichelewa kidogo tu, nadhani kwa sababu ya mshangao wala si kwa ushujaa, na panga likamwingia begani. Mimi ndimi niliyemkuta akiwa ameketi ukingoni mwa njia, amelishika bega lake kama mtu aliyeshika mtoto. Hakulia. Aliniuliza tu, "Fedha za nahodha tutazipata wapi?"

Wiki ile ile nikaingia katika duka la silaha.

Sikuingia kununua, maana silaha haiuzwi kama kandili. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua mahali pa ile ya mwaka 1991, humtaka mwombaji aanzie Serikali ya Mtaa, barua yake ipande kata, wilaya na mkoa, na kila ngazi ijiridhishe kuwa yeye ni mtu wa namna gani. Barua yangu ya mtaa nilikuwa nayo, ina muhuri. Nilitaka nione kwanza ni kitu gani hasa ninachokiomba.

Kijana aliyekuwa nyuma ya meza alikuwa na adabu na ulimi wa dalali. Alinitolea tatu. Ya kwanza ilikuwa nyeusi, nyepesi, nusu yake plastiki, akasema, "Baba, hii inachukua 17." Ya pili ilikuwa ya chuma kitupu, ya mtindo wa zamani, na hiyo inachukua 13. Ya tatu ilikuwa bastola ya mzinga unaozunguka, yenye matundu 6, na aliiweka pembeni bila kuisemea neno, kama mtu anavyomtambulisha mjomba aliyekuja harusini na kandambili. Nakiri kwamba tangu pale sikuiangalia tena. Hesabu ilikuwa imekwisha kunilevya. Watu wawili juu ya pikipiki, na mimi nina risasi 17! Nilitoka dukani nikiwa nimenyoosha mgongo.

Yuko mzee mmoja katika kijiwe chetu cha kahawa, mstaafu, ambaye sote humwita Afande. Miaka mingi ya utumishi wake aliipitisha katika ghala la silaha, si katika doria. Kazi yake ilikuwa kuzipokea bunduki na bastola zilizorudi zimegoma, kuzifungua, na kutafuta sababu. Jioni ile nilimwamkia, nikakaa kwenye benchi karibu naye, nikamweleza kwa sauti ya chini.

"Inachukua 17," nikasema.

Afande akapuliza kahawa yake. "Mwanangu, wewe umevuka mara ngapi kwenda Kigamboni?"

Nikamwambia, mara zisizohesabika.

"Basi unalijua lango la pantoni."

Nalijua. Anayeishi Dar es Salaam asilijue lango lile ni nani? Hata baada ya Daraja la Nyerere kufunguliwa, mwezi Aprili mwaka ule ule, umati wa watembea kwa miguu pale Magogoni ulikuwa bado mkubwa. Watu hujaa ndani ya banda, bega kwa bega, kisha lango hufunguliwa na wote husukumana kuelekea uwazi ule mmoja. Wakienda sawa, banda hutoka watu dakika chache. Lakini akitokea mmoja aliyekaa upande na tenga lake la nyanya, ndugu yangu, hata kama nyuma yake wako elfu moja, hao elfu wote ni bure mpaka huyo mmoja ageuke.

"Bastola yako ya 17," akasema Afande, "ni banda la pantoni."

Akanieleza, na hapa naandika kama nilivyoelewa mimi, muuza samaki. Katika bastola za kale za kujipakia zenyewe, risasi hupangwa katika magazini kwa mstari mmoja, moja juu ya mwenzake, 7 au 8, na springi iliyo chini huzisukuma juu kama mtu anayepandisha ngazi. Njia ni moja tangu mwanzo hata mwisho. Zikiongezwa hesabu, mstari mmoja hautoshi, kwani mpini ungekuwa mrefu kama mchi. Kwa hiyo hupangwa mistari miwili, zikipishana kama meno. Lakini mlango wa kuingilia kwenye mtutu ni mmoja tu. Yaani mahali fulani karibu na juu, mistari miwili hulazimika kuwa mmoja. Hapo ndipo penye lango. Risasi lazima ziingiliane kwa zamu, kila moja ikiwa imeelekea mbele sawasawa, tena kwa kasi ambayo jicho halioni.

Bastola iliyoifanya kazi hiyo ijulikane duniani, alisema, ni ile ya chuma niliyoonyeshwa, ya risasi 13. Mmarekani John Browning ndiye aliyeianza, akafariki mwaka 1926 huko Ubelgiji kabla hajaimaliza. Mbelgiji Dieudonné Saive akaichukua kazi, akatengeneza magazini yake ya mistari miwili, na bastola ikatoka kiwandani Herstal mwaka 1935. Majeshi mengi yaliitumia, la Waingereza likiwamo. Afande aliisifu kama mtu anayemsifu fundi mwenzake. "Lakini hata ile," akasema, "nyingi zilizoletwa kwangu zimegoma, bastola yenyewe haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika kile kibati cha magazini."

Kibati hicho hudharauliwa, akasema, kwa kuwa hakina sura ya silaha. Midomo yake miwili ya juu, inayoishika risasi isiruke kabla ya wakati wake, ni bati jembamba tu. Ukiiangusha magazini sakafuni mara moja kwa bahati mbaya, mdomo mmoja ukapinda kiasi cha unene wa ukucha, risasi hutoka imeinua pua na kugonga ukingo wa mtutu badala ya kuingia. Springi nayo ina kazi mbili zisizopatana: magazini ikijaa, inapaswa iwe laini ya kutosha kukandamizwa mpaka chini, na ikibaki risasi moja, inapaswa iwe bado na nguvu ya kuipandisha upesi. Ikiishiwa nguvu, risasi ya mwisho hupanda imechelewa. Ndiyo maana askari wa zamani waliokuwa na bunduki ya Sten ya Waingereza, ambayo magazini yake huchukua 32 kwa mpango huohuo wa mistari miwili kuingia katika mmoja, hawakuzijaza zote; walitia 28 au 30 na kuacha nafasi ya kupumua.

"Kwa hiyo hiyo 17 ni maneno ya dukani?" nikauliza.

"Siyo uongo. Zinaingia. Swali ni kutoka."

Nikamwambia kwamba mambo hayo ni ya zamani, na siku hizi ufundi umeendelea. Akakubali, bastola ya plastiki ya Waustria, Glock 17, iliyoingia katika jeshi lao mwanzoni mwa miaka ya 1980, imekuwa na sifa njema ya kutogoma kwa muda mrefu, naye hakuwa na neno juu yake. Lakini akanikumbusha habari ya Wamarekani, ambao si maskini wala si wajinga wa silaha. Mwaka 1985 walichagua Beretta ya risasi 15 iwe bastola ya jeshi lao. Miaka michache haijapita, vipande vya juu vya baadhi ya bastola hizo vikapasuka na kuruka nyuma, vikawajeruhi wafyatuaji. Na katika vita vya Iraq, miaka ya 2000, zikaanza kugoma tena, safari hii kwa sababu ya magazini: zilikuwa zimenunuliwa kwa mtengenezaji mwingine na kupakwa dawa ya kuzuia kutu yenye ngozi ya kukwaruza, hivyo mchanga laini wa kule ukang'ang'ania ndani na risasi zikawa hazipandi. Zikabidi zitengenezwe nyingine zenye ngozi laini.

"Wao walipatwa na mchanga," akasema. "Wewe una nini pale Feri?"

Sikuhitaji kufikiri. Nina chumvi. Pale sokoni kisu kikilala siku mbili bila kufutwa huota ukungu mwekundu. Kufuli za vizimba hufa kila mwaka. Mizani, bawaba, miguu ya meza, vyote huliwa. Bastola ingekaa kiunoni mwangu ndani ya shati lililolowa jasho na maji ya samaki, toka alfajiri mpaka adhuhuri. Afande alisema kutu la nje si kitu, hulioni likaua. Lililo baya ni lile linaloshika ndani ya magazini, kwenye springi, mahali ambapo mtu hafungui kwa sababu anaogopa hataweza kurudisha. Hivyo risasi zenyewe: jasho na mafuta vikipenya mpaka kwenye fataki, ile sehemu ndogo ya nyuma inayogongwa ili baruti iwake, risasi hubaki nzuri kwa macho na ikawa maiti. Wakazi wa Dar es Salaam, tangu milipuko ya ghala za jeshi kule Mbagala, Aprili 2009, na Gongo la Mboto, Februari 2011, hatuhitaji kuhubiriwa kwamba baruti si kitu cha kuweka na kusahau. Mwaka ule wa 2016, ulipofanyika uhakiki wa silaha za raia, nilijiuliza ni ngapi kati ya zile zilizotolewa kabatini na kupelekwa polisi zingeweza kufyatuka kwa mkono wa mwenyewe.

Hapo ndipo nikamuuliza swali ambalo ningelianza nalo. Mtu atajuaje kwamba bastola aliyoichagua ni ya kuaminika?

"Kwa kuipiga," akajibu. "Hakuna njia nyingine. Unachukua risasi za aina ile ile utakayoibeba, si nyingine, kwa sababu bastola iliyozoea risasi ya pua ya mviringo yaweza kuikataa ya pua iliyobonyea. Unachukua magazini zote utakazotumia, kila moja ina alama yake. Unapiga risasi 200. Ikikwama hata mara moja, unatafuta sababu, unaanza tena kuhesabu tangu moja. Ikimaliza 200 bila kukwama, unaweza kuanza kuizoea."

Nilinyamaza. Ndugu msomaji, risasi hununuliwa kwa leseni, na bei ya moja si bei ya kashata. Mimi sina shamba wala uwanja. Kila risasi ningeihesabu kama nihesabuvyo noti. Kwa hakika ningenunua chache, ningejaribu tatu au nne, nikafurahi kusikia mlio, nikazihifadhi zilizobaki. Ningekuwa na ahadi 17 kiunoni, na hata moja sikuipima. Hata bastola ingekuwa bora ya namna gani, mimi nisingekuwa na njia ya kujua.

Afande, Mungu amjalie, hakunikatisha tamaa. Alinifanyia mpango, kwa idhini na chini ya msimamizi, nikaenda kwenye uwanja wa shabaha kujifunza. Nikapewa bastola ya msimamizi, ya risasi nyingi, safi, inayotunzwa vizuri. Risasi ya kwanza ikalia. Ya pili ikalia. Ya tatu ikalia, na bastola ikagoma: ganda limebanwa katikati, nusu nje, limesimama kama kibua aliyekwama kwenye jicho la wavu. Nikaondolewa ganda, nikapiga tena; ya nne ikaenda, ya tano ikagoma.

Nilimgeukia Afande kwa ushindi. "Umeona? Hii ndiyo mbovu yenyewe."

Akaichukua, akajaza magazini ileile, akapiga zote bila kituo. Kisha akanishika mkono wa kulia, akaugeuza, akatazama kifundo changu. Pana kovu pale. Miaka iliyopita, nikichambua samaki gizani, mwiba wa taa ulinichoma hadi kwenye mshipa. Tangu siku ile mkono huu hubeba ndoo, hukata nguru, lakini ukisukumwa kwa ghafla hulegea. Akanieleza kwamba bastola ya namna ile hutumia teke lake lenyewe kutupa ganda na kupakia risasi nyingine. Kipande cha juu hurudi nyuma kwa nguvu, na nguvu hiyo hufanya kazi kikamilifu pale tu mkono unapokuwa mgumu kama ukuta. Mkono ukiyumba pamoja na bastola, teke hupotea, na ganda halitoki. Ile ya matundu 6, niliyoidharau dukani, haina haja hiyo: kinachouzungusha mzinga wake ni kidole, na risasi moja ikifa unavuta tena, inayofuata inakuja. Sikupata kuona aibu kama ile tangu utoto. Nilikuwa nimekwenda kuikagua bastola, kumbe sehemu iliyokuwa mbovu nilikuja nayo mwenyewe.

Nyumbani, mama watoto wangu alinisikiliza mpaka mwisho. Sisi tulipanga vyumba viwili katika nyumba ya watu wengi, mlango ukitazamana na mlango, ukuta wa ndani ukiwa wa tofali moja lililopigwa lipu mara moja zamani za mwenye nyumba babu. Aliniuliza bastola italala wapi. Nikasema, juu ya kabati, ndani ya kisanduku chenye kufuli. Akasema kijana wetu wa miaka 9 hupanda juu ya kabati hilo kila Ijumaa kutafuta mpira niliomficha. Akauliza, ikianguka? Nikamwambia, kwa ujuzi wangu mpya, kwamba bastola za siku hizi haziwezi kufyatuka kwa kuanguka.

"Umeambiwa na yule wa dukani?"

Nikanyamaza. Na mwaka uliofuata, Agosti 2017, nikasoma kwamba bastola aina ya SIG P320, ndugu wa ile ya risasi 17 ambayo jeshi la Marekani lilikuwa limetoka kuichagua mwezi Januari mwaka huo badala ya Beretta, imeonekana kwamba ikidondoka kwa pembe fulani huweza kufyatuka, na watengenezaji wakajitolea kuzirekebisha za raia bila malipo. Nilimsomea mama watoto habari ile kwa sauti, naye akaendelea kuchambua mchele.

Lakini usiku ule wa kwanza hakuzungumza tena juu ya kuanguka. Aligonga ukuta mara mbili kwa vidole, kidogo tu. Upande wa pili mtoto mchanga wa jirani akaanza kulia, mama yake akambembeleza. Tulisikia kila neno.

Sikuendelea na maombi. Tulibadili namna ya kufanya kazi: nahodha mmoja baada ya mwingine walikubali kupokea sehemu kubwa kwa simu, na zile noti ambazo haziepukiki tulizibeba watu wawili, kwa saa tofauti na njia tofauti. Mwenzangu aliyekatwa bega hawezi tena kuinua tenga. Yeye siku hizi hukaa kwenye mizani, na husema kwamba bastola ingemsaidia. Huenda. Yeye alikuwapo, mimi sikuwapo. Nimewahi kumwambia kwamba mkoba ulikuwa begani kwake na wale watu walitokea nyuma, wala hakuwa na nafasi hata ya kugeuza shingo, lakini sikuona kama maneno hayo yalimfaa kitu, nikaacha kuyasema.

Barua ya Serikali ya Mtaa bado ninayo. Imo katika bahasha pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na muhuri wake umeanza kufifia. Na iko siku moja moja, nikipita Kivukoni asubuhi na kusikia pikipiki imepunguza mwendo nyuma yangu, mkono huu mbovu huenda wenyewe kiunoni.